Meno ya Juu ya Ng'ombe

Jumatatu, 3 Novemba
Wanafunzi hamsini darasani. Wawili hawakuja. Chaki imebaki vipande vitatu. Asubuhi hesabu, kisha mbuzi. Kesho ng'ombe.

Direkta, mkuu wetu wa shule, amenipa somo la mfano la Jumamosi ya tarehe 15. Walimu wote watakaa nyuma ya darasa, na mkaguzi pamoja nao. Mwaka jana niliharibu. Nilitetemeka, nikasahau nusu. Nikiharibu tena narudishwa kufundisha mwaka wa kwanza, na mwaka wa tano unapewa mtu mwingine. Watoto hawa ninao tangu mwaka wa tatu. Sitaki kuwaacha.

Nimechagua ng'ombe. Nimenakili fishi ya somo, karatasi ya maandalizi, ya Mwalimu Kabange wa mwaka wa sita. Yeye aliinakili kwa aliyemtangulia. Ndivyo tunavyofanya hapa: fishi nzuri inarithiwa, pamoja na picha yake.

Jumanne, 4 Novemba
Nilichora ng'ombe ubaoni. Pembe, kiwele, mkia. Meno ya mbele, safu ya juu na safu ya chini, kama kwenye fishi.

Ngoie akasimama. Baba yake anafuga, walihamia hapa kutoka Kaniama. Akasema: "Madamu, ng'ombe haina na meno ya mbele ku yulu." Darasa zima likacheka. Mmoja akapiga kelele: "Sawa koko yangu!" Bibi yake ni kibogoyo. Wakazidi kucheka.

Nilidhani ananichezea. Nikamsimamisha ukutani mpaka kengele. Hakulia. Alikuwa anaitazama tu ile picha.

Hilo linanisumbua.

Jumatano, 5 Novemba
Baada ya masomo nilipita sokoni, kwenye meza za nyama. Kulikuwa na kichwa kizima. Nikamwomba muuzaji afungue kinywa. Akauliza: "Mama, unanunua kichwa ao unamutafutia dawa ya meno?" Akafungua.

Chini, meno manane. Juu mbele, hakuna. Ufizi mgumu tu, kama ngozi ya kisigino. Magego yapo, nyuma kabisa.

Miaka tisa nafundisha. Nyama ya ng'ombe nimekula tangu utoto. Kinywani mwake sijawahi kuangalia. Aibu.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimewaambia watoto kwamba nilikosea. Nilifuta meno ya juu kwa kidole. Nimemwomba Ngoie msamaha mbele ya wote. Yakaja maswali kama mvua. Analala amesimama? Kwa nini anatafuna wakati hakuna majani? Sikujua hata moja. Nimeyaandika yote kwenye daftari.

Kabange alisikia kupitia dirishani. "Dada, mwalimu hakosake mbele ya batoto. Ukifungua ile mulango, hautaifunga tena." Fishi yake haina kosa, anasema. Imepita mikononi mwa walimu watano.

Jumamosi, 8 Novemba
Kwa baiskeli hadi zizi la Baba Ngoie, kwenye barabara ya Base, kambi ya jeshi. Ng'ombe wanane. Niliogopa. Aliona, akacheka: "Madamu, hawa hawakulake balimu."

Nimeandika kurasa sita. Tumbo moja lenye vyumba vinne. Anameza majani haraka, baadaye anayarudisha kinywani na kuyatafuna polepole: anacheua. Ulimi unazunguka shungi la majani na kulivuta. Ufizi wa juu na meno ya chini vinalikata. Pua yake ina mistari, na hakuna ng'ombe wawili wenye mistari sawa, kama vidole vyetu. Akiinuka, matako yanatangulia.

Nimeomba ng'ombe mmoja aje shuleni. Amekubali kumleta Mapendo, jike mpole. Sharti moja: kengele isipigwe karibu naye. Kengele yetu ni kipande cha reli na nyundo. Hata mimi inanishtua.

Sehemu ya kwanza ya somo nitafundisha mimi, ya pili Ngoie.

Jumatatu, 10 Novemba
Direkta amekubali, bila furaha. Ng'ombe akimtisha mkaguzi, mwaka wa kwanza unaningoja. Kabange: "Akiachia mavi mu lupango, weye njo utazoa." Nimemjibu kwamba koleo la kuzolea uani ninalo.

Ijumaa, 14 Novemba
Mvua tangu jana. Kijito kilicho kati ya zizi na shule kimejaa. Baba Ngoie ametuma ujumbe kupitia mtu wa pikipiki: labda Mapendo hatavuka. Nimetoa fishi ya zamani mezani. Nimeitazama. Nimeirudisha.

Bila ng'ombe nitafundisha yaliyo kwenye kurasa zangu. Meno ya juu sichori tena.

Jumamosi, 15 Novemba
AMEVUKA!

Saa mbili kasoro, Ngoie mbele na kamba, baba nyuma, Mapendo ana matope hadi tumboni. Watoto walishangilia mpaka nikalazimika kuwanyamazisha. Tulifundishia uani, walimu kwenye viti. Sikutetemeka.

Mkaguzi akauliza: meno ya mbele ya juu ni mangapi? Kabange akawahi: "Munane, Shefu, njo vile iko ku fishi." Ngoie aliinua mdomo wa Mapendo. Mkaguzi akasogea, akapitisha dole gumba. Akapitisha tena. Akaanza kucheka, akacheka mpaka miwani ikateleza. Kabange alikuwa anatazama viatu vyake.

Mapendo alichoka, akalala na kucheua. Nikauliza: akiinuka, ataanza na nini? Kabla hawajajibu, mlinzi, ambaye hakuna aliyemwonya, akapiga reli. Ngoie aliweka mkono shingoni mwa Mapendo, akamnong'oneza kitu. Mapendo akainuka tu, polepole, nyuma kwanza.

Watoto hamsini na wawili kwa sauti moja: "MATAKO!"

Mkaguzi ameandika: vizuri sana. Mwaka wa tano unabaki wangu. Anataka fishi yangu kwa shule nyingine. Juu yake nimeandika majina mawili, langu na la Ngoie.

Mavi yalikuwepo, ndiyo. Nilizoa mwenyewe, nikiimba.

Jumapili, 16 Novemba
Kanisani. Kisha nyumbani. Mvua imetulia.

Kabange amepita kuomba fishi mpya anakili. Nimempa, lakini nimemwelekeza pia zizi lilipo. Amesema atakwenda. Sijui.

Mama yake Ngoie ametuma chupa ya maziwa. Nimeyachemsha, nimekaa mlangoni na kikombe. Mwaka mzima nanunua maziwa ya unga dukani. Haya najua yametoka kwa nani.