Mikro ya Yaya Zaina

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa sita, 1979

Ulikuwa wapi, mwanamuke? Tangu Ramadhani ya mwaka jana hujafungua daftari hili. Marehemu mume wako alikufundisha herufi kwenye magunia ya muchele, wewe ambaye hukuingia shule hata siku moja, miaka miwili anavumilia kichwa chako kigumu, na herufi zenyewe umeziacha zilale kama nguo za matanga. Huna aibu. Wewe njo unaandika, wewe njo unasoma. Hakuna mwingine wa kugombeza.

Leo nachagua mawe kwenye muchele, kama kila Jumatatu. Yaya Zaina, dada yangu mukubwa, mbele yangu na ungo wake. Akaanza kuimba. Katikati sauti ikakatika. Akameza mate, akashika ule uvimbe wa shingo, akaendelea kuchagua kama hakuna kitu.

Muganga wa hospitali amesema lazima akapasuliwe Kisangani. Lori linaondoka tarehe 18. Nikamuuliza Yaya, na sauti? Akasema wengine inarudi, wengine hairudi. Alisema vile muntu anavyosema habari ya mvua.

Nina hasira. Sijui ya nani.

Jumanne, tarehe 5

Nyimbo za chumba. Zile za kumuosha bibi arusi, mulango umefungwa, wanaume mbali. Mama yetu alimufundisha Yaya zote. Mimi alinifundisha kuitikia tu, sababu sauti yangu ni ya kuita mbuzi. Watoto wa siku hizi wanajua mwanzo na mwisho. Katikati hakuna anayejua. Katikati yote iko ndani ya shingo ile.

Nimeamua. Zitaingia kwenye kaseti kabla ya tarehe 18.

Nimekwenda mutaa wa Kasuku kwa Salumu, mutoto wa marehemu kaka yetu, anayetengeneza radio sokoni. Radiokaseti anayo. Mikro, kile chombo cha kushika sauti, iko mbili.

"Nitakuja kurekodi mwenyewe, Shangazi."

"Wewe iko na ndevu. Nyimbo hizi si za mwanaume."

"Nitaziba masikio."

"Na ndevu utaziziba na nini?"

Akacheka. Basi amenifundisha vitufe, mimi bibi mwenye wajukuu kumi na moja. Chekundu cha kwanza na cha pili pamoja, mashini inaandika. Cha pili peke yake, inasoma. Chekundu ukikigusa juu ya kaseti iliyojaa, umefuta. Amenirudishia mara nne. Ya nne nimemuambia mimi si kuku.

Alhamisi, tarehe 7

Tumejaribu mikro ya kwanza. Nyembamba, inang'aa, kama kalamu ya karani. Ina jiwe lake dogo la radio, betri, tumboni. Salumu anaipenda. Yaya pia anaipenda: anakaa kwenye mukeka, mikro inakaa kwenye kigoda mbali, kila mumoja na heshima yake.

Tukasikiliza. Nikasikia kinu cha jirani. Nikasikia jogoo. Nikasikia radio ya nyumba ya nne ikisifu Chama. Nikajisikia mimi nikipiga chafya. Yaya alikuwa huko nyuma kabisa, kama muntu anayeita kutoka ng'ambo ya muto.

Salumu anasema inasikia vizuri sana. Kweli, inasikia kila muntu. Muntu mbeya hatumuiti muzuri kwa sababu ya masikio yake.

Jioni wanawake wakaipeleka kwenye arusi ya jirani, upande wa wanawake, na baflu, lile sanduku la kutoa sauti. Ikapiga mulio wa kutoboa kichwa. Mikro inasikia baflu, baflu inasikia mikro, wanagombana wao kwa wao na bibi arusi anaziba masikio. Imetosha. Nimeirudisha.

Ijumaa, tarehe 8

Ya pili. Nzito, inajaa mukono kama mutwangio wa pilipili. Kichwa cha wavu wa chuma, kimebonyea upande mumoja. Haihitaji jiwe la radio. Salumu anasema hii inasikia kinachosemwa karibu, mbele yake. Nyuma ni kiziwi. Nimemuambia mwanaume wa namna hiyo namufahamu, nimemuzalia watoto saba.

Nikajaribu mwenyewe. Mudomo karibu: sauti inanenepa, hata pumzi inaingia. Kinu hakuna. Jogoo hakuna. Ukiisogeza mbali urefu wa mukono, sauti inakonda. Bangili zikigonga mupini, zinasikika kama sufuria, basi zitavuliwa. Na ukiielekeza mudomoni moja kwa moja, kila "pa" inalipuka kama kofi. Inashikwa chini ya mudomo, penye kidevu, imeinama kidogo. Nikaiangusha. Salumu akafumba macho. Nikaiokota, bado inasema.

Nimechagua. Ni hii.

Yaya amekataa. Mikro imetoka kwenye baa, karibu na stesheni. "Walevi wangapi wamelaza midomo hapo? Mimi muntu mwenye udhu, niweke mudomo wangu?" Anaishika kwa vidole viwili, mukono umenyooka, kama samaki aliyeoza. Kutoka huko mikro haisikii kitu. Tumegombana. Nimesema neno baya. Namupenda, na leo ningemupiga.

Jumamosi, tarehe 9

Imekufa.

Asubuhi Yaya ameiosha. Beseni, sabuni, mara tatu kama uso wa kwenda kusali. Akaisuuza. Akaitundika kwenye kamba ya nguo, imefungwa na kitenge chake kizuri. Akaja kuniita, anafurahi. "Sasa ni safi, mudogo wangu. Sasa nitaimba."

Ilikuwa inatoa maji.

Nimepiga kelele mpaka jirani ameacha kutwanga. Yaya amelia. Mudomo wazi, machozi yanatoka, na sauti hakuna. Hata kidogo. Hapo njo nikanyamaza. Mimi ni mujinga wa wajinga.

Salumu ameifungua. Ndani kuna ngozi nyembamba kama ya kitunguu na waya uliozungushwa, mwembamba kama unywele. Vyote vimelowa, ngozi imekunjamana. Hakugomba. Alinionyesha kitu: kichwa kinafunguka. Unakizungusha, kinatoka kama kifuniko. Wavu ule na kasifongo kake unaweza kuosha unavyotaka, ukakausha, ukarudisha.

"Mungeniuliza, Shangazi."

Kweli. Kwetu kitu kikichafuka kinaoshwa. Hakuna anayekwenda kuuliza.

Jumatatu, tarehe 11

Mikro nzito kama ile iko moja tu mutaani, kwenye ofisi ya Chama. Nimekwenda kwa Shefu wa mutaa. Abakosti mupya, koti lile la wakubwa, vifungo mpaka shingoni, joto lote hili. Amenikalisha kwenye benchi mpaka adhuhuri. Mimi njo nilimukata kitovu mutoto huyu.

Anasema: Yaya aimbe kwenye animasio ya tarehe 24, wakati wa kucheza na kusifu mbele ya wakubwa. Akiimba, mikro mutapata. Nikasema tarehe 18 anakwenda kupasuliwa. Akasema lori liko kila mwezi.

"Sitwayeni, sauti ya raia ni mali ya taifa." Sitwayeni njo raia, kwa Kifaransa chao.

Nikaangalia shingo yake. Laini. Hakuna kitu.

Nimerudi nyumbani nimetwanga majani ya sombe mpaka yamekuwa maji. Yaya ameuliza Shefu alisema nini. Nimemudanganya. Nimesema anafikiri.

Jumatano, tarehe 13

Nimerudi kwake. Nimesema, unichukue mimi.

Miaka sita nakwepa kucheza animasio. Nasema magoti. Kila muntu anajua ni uongo na kila muntu ananyamaza. Leo nimeuza uongo wangu. Nitacheza mazoezi yote, na tarehe 24 nitakuwa mustari wa mbele, na kitenge chao chenye sura ya Rais. Yeye atanipa mikro Jumapili, asubuhi mpaka jioni.

"Na magoti, Bibi?"

"Yapo. Yalikuwa yanakudanganya."

Akacheka mpaka akapangusa macho. Amekubali. Nimetoka pale natembea mbio. Si woga.

Alhamisi, tarehe 14

Nimecheza. Jua. Wanawake wananiangalia magoti. Afadhali wangecheka.

Kijana anayeongoza nyimbo alishika mikro kichwani, ngumi nzima, kama anayenyonga kuku. Baflu ikaanza kupiga mulio. Wanaume watatu wanazungukazunguka nyaya. Nikashindwa kuvumilia. Nikamuambia, toa mukono kichwani, shika shingo, usisimame mbele ya baflu. Mulio ukakatika.

Najichukia kwa kuwasaidia. Lakini sasa nimeisikia. Ni ndugu wa ile iliyokufa. Sauti ileile nene.

Jumamosi, tarehe 16

Mazoezi yamefika katikati, Shefu amekuja karibu, anasema kwa sauti ndogo: kesho haiwezekani, kuna mugeni wa Chama, tutaona siku nyingine. Siku nyingine. Jumatatu lori linaondoka.

Nimerudi mustari wa mbele, na nikasimama. Mikono chini. Sikufanya kingine. Mwanamuke wa kulia kwangu akaniangalia, akasimama. Wa nyuma wakasimama. Tulikuwa hamsini na zaidi, tumesimama kama miti, ngoma inapiga peke yake. Wa ngoma naye akaona haya, akaacha.

Sikuwaomba. Wengi wao waliogeshwa kwa sauti ya Yaya siku ya arusi yao.

Shefu alikuwa na jasho juu ya mudomo. Saa kumi mikro imefika nyumbani, imefungwa kwenye gazeti.

Nina hasira bado. Ahadi ile ilikuwa yangu tayari, nimeilipa mara mbili.

Jumapili, tarehe 17

Kwanza nimefungua kichwa cha mikro. Nimezungusha, kimetoka. Yaya amekaa karibu yangu, anahesabu kila kitu ninachogusa. Wavu na sifongo: sabuni, ndimu, maji ya kumimina mara tatu kama anavyotaka yeye. Nimeviweka juani mpaka sifongo imekuwa nyepesi kama pamba. Chini yake sikugusa hata na kitambaa.

"Na sehemu ile nyingine?"

"Ile hakuna aliyeibusu."

Akacheka. Siku nyingi sijamusikia.

Godoro dirishani. Bangili zote kwenye kikapu. Salumu nimemutuma ng'ambo ya soko na akatii. Waitikiaji sita nimewasimamisha nyuma ya mikro, upande wake wa kiziwi, wasije wakameza sauti ya Yaya. Wamelalamika. Nimewaambia atakayelalamika tena ataitikia kutoka jikoni.

Yaya ameshika mwenyewe. Chini ya mudomo, penye kidevu. Ameifunga mupini na ncha ya mutandio, mikono isiteleze. Nimebonyeza chekundu na mwenzake.

Akaimba.

Sitaandika maneno. Si ya kuandikwa. Wimbo wa nne sauti ilikatika, palepale inapokatika siku zote. Akameza mate. Sote tukangoja. Akaanza ubeti ule upya, polepole, akauvuka. Sikuzima mashini. Kaseti ina yote mawili, kukatika na kuvuka.

Upande mumoja na nusu ya wa pili. Tukarudisha nyuma, tukasikiliza. Yeye hajawahi kujisikia maisha yake yote. Ameinamisha kichwa, uso kama muntu anayeonja chumvi.

"Kumbe njo vile ninavyowasumbua watu."

Jioni mikro nimeipeleka mwenyewe. Shefu alisema asante sitwayeni. Nilisema, ukaiangalie, ni safi kuliko nilivyoipokea.

Jumatatu, tarehe 18

Yaya amevuka muto na mutumbwi asubuhi. Lori la kupita Lubutu mpaka Kisangani lilikuwa ng'ambo linangoja. Alinipa ungo wake niutunze. Nimemugombeza kwa kusahau sweta. Hakuwa amesahau, alikuwa amevaa.

Jumapili, tarehe 24

Nimecheza. Nililipa. Kitenge nimekifanya cha kupangusia sufuria. Sura imeelekea chini.

Alhamisi, tarehe 12 mwezi wa saba

Nachagua muchele peke yangu. Nyungo mbili, nachagua kwa zamu, sijui kwa nini.

Dereva wa lori amepita. Yaya amepasuliwa, shingo imeshuka, anakula uji, anatembea mpaka mulangoni. Sauti haikurudi. Akimutaka muuguzi anapiga makofi. Dereva anasema amenitumia salamu kwa mikono: alifanya kidole kama anabonyeza kitu, halafu akakitikisa, hapana, hapana. Dereva hakuelewa. Mimi nimeelewa.

Kaseti iko kwenye sanduku, ndani ya sweta nyingine. Sijaisikiliza tena. Binti wa Salumu anaolewa kabla ya Ramadhani, na Yaya atakuwa amerudi. Atakaa kando ya bibi arusi, mikono yake itaosha, sauti yake itatoka kwenye kigoda.

Wewe, mwanamuke. Ukifungua daftari hili tena, iwe asubuhi ya siku ile, usikawie kama ulivyozoea. Funga mulango kwanza. Toa bangili, toa Salumu. Kitufe cha pili kutoka kushoto, peke yake. Chekundu usikiguse.