Ova Nzima ya Baba

Ghorofa ya tatu, mlango wa kijani,
Nyuma ya karakana ya matairi.
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Kabla ya lolote naanza na afya yako. Ule mgongo uliokusumbua mwezi uliopita umepoa? Bado wanakupangia zamu tatu mfululizo wodini? Sisi hatujambo. Bibi magoti yanamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake hauna hata mafua. Mama ni mzima. Mimi nimemaliza shule, nasubiri majibu, na kwa sasa kazi yangu ni kufagia ngazi na kuwaandikia watu barua.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu nasema "ndiyo" na "hapana" mpaka mtu anadhani nimekata. Kurasa hizi nitazipiga picha nikutumie, maana posta ingechelewa, na jambo lenyewe linahitaji jibu kabla ya tarehe ishirini.

Jambo lenyewe ni Baba. Ametimiza miaka thelathini na tisa. Kwa miaka ishirini amekuwa mrushaji wa spini, ile mipira ya kuzungushwa, katika timu ya kriketi ya kazini kwao, na muda wote huo ametamani kucheza msimu mmoja tu ng'ambo, kwenye klabu iliyomwita kwa sababu ya mkono wake. Mwaka huu alisema ni sasa au basi tena, kwani nani ataagiza mrushaji wa miaka arobaini? Kazi ya kuandika akanipa mimi, maana kwake kalamu ni nzito kuliko mpira.

Tuliandikia klabu kumi na nne. Kumi na tatu zilinyamaza. Moja ikajibu, nayo iko vituo viwili vya treni kutoka kwako. Nimeangalia kwenye ramani. Katibu wao aliomba video ya Baba akirusha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Baba alimrushia Seremala wa ghorofa ya chini, ambaye ndiye mpigaji wao hodari na hana huruma na mtu. Mimi nilisimama na simu ya Mama nikirekodi mchana mzima. Tuliporudi nyumbani nikaikata ile video. Kila mpira ambao Seremala aliupiga mbali niliutoa. Nikabakiza saba tu, ile iliyoangusha wiketi, vile vijiti vitatu vya nyuma ya mpigaji, au kumwacha Seremala akipiga hewa. Nilijiona fundi. Nikaituma bila kumwonyesha Baba.

Katibu alijibu kwa adabu. Alisema kila anayemwandikia hutuma wiketi tupu, naye kwa video ya namna hiyo hawezi kumtofautisha mrushaji na mwenye bahati. Alitaka ova moja nzima, mipira yote sita mfululizo, bila kukatwa popote.

Shangazi, jibu hilo nililificha siku nane. Aibu ilikuwepo, sikatai, lakini nilijua pia kwamba nikikaa kimya watamchukua mtu mwingine, na Baba hataenda popote. Kila asubuhi aliniuliza kama kuna neno. Nikasema bado. Akaenda kazini akiupokezanisha ule mpira mwekundu mkono kwa mkono. Siku ya nane nilimkuta ameketi kwenye ngazi, anapaka rangi nyeupe viatu vyake vya uwanjani huku akipiga mluzi. Nikashindwa. Nikampa simu asome.

Alisoma mara mbili. Kisha akaiangalia video yangu yote, nami nikingoja kugombezwa.

"Mwanangu," akasema, "hii mipira uliyoitupa ndiyo kazi yenyewe. Namwachia mtu apige mmoja, apige wa pili, kichwa kivimbe, halafu wa tatu namnyima. Wewe umewaonyesha samaki tu, chambo hawakioni."

Kisha akaniuliza siku zote nane nilikuwa nangoja nini. Nilitazama miguu yangu. Nikasema, "Sitaki uende."

Alisogea, nikakaa kando yake. Alipaka kiatu cha pili mpaka kikaisha.

"Kuwaacha sitaki," akasema. "Kwenda nataka."

Jumamosi iliyofuata tulirudi uwanjani. Seremala alikuwa ameshasimuliwa kila kitu, akaniambia safari hii nisimgeuze kichekesho mbele ya watu wa ng'ambo. Mpira wa kwanza aliupeleka juu ya ukuta, ukaangukia uani kwa dobi. Kwa hiyo dakika nne za video ni watu wazima wanainua shuka moja moja wakitafuta mpira, nami sikuzikata. Wa pili ukapigwa tena. Wa tatu haukuwa na lolote. Wa nne Baba aliupunguza kasi kidogo sana. Mimi sikuona tofauti, na Seremala alipoiona alikuwa ameshachelewa. Kijiti cha katikati kikalala. Miwili ya mwisho ikapita hivihivi. Nikatuma yote, na kitufe nilikibonyeza mwenyewe.

Wamemkubali. Tiketi ni yao, atacheza miezi mitano, jioni atafundisha watoto, na atasaidia kutunza uwanja. Ila chumba hawana, na kabla ya tarehe ishirini wanataka anwani ya mahali atakapolala. Baba hataki kukuomba. Anasema ulimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, yatosha, na mgeni wa miezi mitano si mgeni tena, ni mpangaji. Alikuwa tayari kuwajibu kwamba amekosa mahali. Nimemwambia kwamba ninakuandikia, kwani kuficha nimeacha. Akasema, "Andika, ila usimbembeleze."

Basi sibembelezi. Nauliza tu kama lile kochi la chumba cha mbele bado lipo.

Akija, angalia baridi isimpasue kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kwani ndicho kinachozungusha mpira. Atakuambia kwamba kwa ajili ya kidole hicho hawezi kuosha vyombo. Mama anasema usimwamini, amejificha nyuma ya kidole hicho miaka kumi na minane.

Bibi anakusalimu sana. Anauliza ni mchezo gani huo ambao watu husimama kunywa chai kabla hawajatoka jasho. Halafu jana, akipeta mchele, alisema kwamba wanawe wawili wakiwa chini ya paa moja, hata liwe la mbali, yeye atalala. Mama na Seremala nao wanakusalimu. Wabusu wanao kwa niaba yangu. Mungu akupe afya, na zamu fupi.

Ukikubali, Shangazi, ujue sikupi. Nakuazima baba yangu kwa miezi mitano, na namhitaji arudi.

Mimi binti wa kaka yako, nikupendaye sana,

Kimya