Petroli ya Mama Aloo

Duka la Dawa za Mifugo,
Mabatini, Mwanza.
22 Februari 1998

Mpendwa Mjomba Luhaga,

Shikamoo sana. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Newala, pamoja na wote wa nyumbani kwako. Mgongo umekuachia? Mara ya mwisho uliandika kwamba unalala chini kwenye mkeka, nasi tulisikitika. Usiache kuukanda, na uache kunyanyua injini za watu peke yako, wewe si kijana tena hata kama mwenyewe hutaki kusikia.

Sisi huku hatujambo. Mama, dada yako Selina, anasumbuliwa na goti tu kila mvua inapokazana, na mwaka huu mvua haijui kupumzika. Hizi za El Nino zimetuchosha. Mahindi ya bondeni yameoza, kuku wangu wawili wamesombwa, na hapa Mabatini watu wazima wanaruka mitaro kama mbuzi. Lakini tuko hai, tunakula, tunamshukuru Mungu.

Sasa kaa vizuri, Mjomba, maana nina la kujisifu na leo sitajifanya mnyenyekevu. Ile pikipiki ya mradi uliyonichagulia kwenye mnada kabla hujahamishwa, ile ndefu yenye tairi za meno ambayo mafundi wa hapa walisema nimenunua maiti, bado inanguruma. Tena inanilisha. Tangu biashara ya dawa za mifugo iachiwe watu binafsi, wafugaji wa Magu na Misungwi hawamngojei tena bwana mifugo asiyekuja, wananingojea mimi. Wakisikia mlio wangu wanafunga ng'ombe kabla sijazima.

Naitunza kama ulivyonikaripia. Kila Jumapili baada ya misa naosha cheni kwa mafuta ya taa, naipaka oili, napima ulegevu wake kwa vidole. Chujio la hewa, lile la sponji, nalifua, nalikausha kivulini, nalipaka oili kidogo linase vumbi. Spoku nazigonga moja moja kwa spana nikisikiliza, na inayotoa sauti nzito najua imelegea. Ile kebo ya akiba ya klachi nimeifunga sambamba na inayofanya kazi, ikikatika porini nahamisha ncha tu na safari inaendelea. Mama anasema nikipata mtoto nitamsahau kwenye beseni niko napangusa pikipiki.

Lakini mwezi uliopita niliponea chupuchupu kuipoteza. Unajua nimechumbiwa. Mchumba wangu ni Opiyo, mwalimu wa hisabati, Mjaluo wa Shirati, mpole hata kuku hawamkimbii. Nampenda, Mjomba, nakuambia wazi. Tatizo halikuwa yeye, lilikuwa mama yake, Mama Aloo, mjane wa mvuvi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita mtumbwi urudi kutoka majini. Alikuja Mwanza kutibiwa macho, akafikia kwa mwanawe Butimba. Siku aliyoniona mara ya kwanza ndiyo nashuka kwenye pikipiki, nimevaa suruali, matope hadi magotini. Na macho yale mabovu yakaona kila kitu!

Alikuja nyumbani akakaa sebuleni, akatamka mbele ya mama kwamba kwao mke haletwi akiwa amezoea kukaa miguu huku na huku mbele ya wakwe. Niuze pikipiki kabla ya Pasaka, ama wazee wao hawataleta ng'ombe. Opiyo akabaki anatazama viatu vyake. Weee, damu ilinichemka! Kwa heshima nilimwongezea chai, lakini usiku nililia mpaka mto ukalowa. Nikimchagua Opiyo napoteza miguu yangu na kazi yangu. Nikichagua pikipiki nampoteza Opiyo. Habari zikasambaa, na Chenge, yule mwenye duka la vipuri hapa jirani, akaja na kamba yake kupima kiti kama anapima sanduku la marehemu. Nilimwambia arudi kuinunua mwisho wa mwezi. Ndiyo, Mjomba, nilikuwa nimeshakata tamaa.

Basi Jumatano moja jioni, kwenye matangazo ya vifo redioni, likasomwa jina la Otuoma, mdogo wake Mama Aloo, tumbo moja, wa pekee aliyebaki. Mazishi Ijumaa alasiri, Shirati. Opiyo alikuwa kwenye semina ya walimu Dodoma. Mabasi ya Musoma yalikuwa yamesimama kwa sababu maji yalibeba kalvati kule mbele ya Magu. Nilimkuta mama wa watu stendi, amekaa juu ya kifurushi chake, sauti imekauka kwa kulia. Alikuwa akirudia neno moja tu, kwamba yeye ndiye aliyembeba yule mtoto mgongoni, na sasa watamfukia yeye hayupo.

Hasira zangu zote ziliyeyuka. Nilimwambia, "Mama, kesho alfajiri nakupeleka."

Aliitazama pikipiki kama mtu aliyeonyeshwa chatu akaambiwa ndiye kitanda chake. Lakini alfajiri nilimkuta mlangoni kwa Opiyo, amejifunga kitenge, tayari.

Alikaa upande, kama mama wa heshima. Hatujafika Kisesa alikuwa ameshateleza mara mbili kwenye tope, mara ya pili akanivuta na mimi. Nikafungua begi nikamtolea suruali yangu ya akiba. Tulitazamana. Akaichukua, akaenda nyuma ya kichaka, akarudi imemfikia chini kidogo ya magoti, akapanda miguu huku na huku, akaniambia nitazame mbele. Nilitazama mbele, Mjomba, ila mabega yalikuwa yananitikisika kwa kicheko na nadhani aliyasikia.

Kwenye kalvati lililobebwa, vijana walikuwa wanavusha vitu kwa miti ya mabegani. Nilifunga bomba la petroli, nikaziba ekzosi kwa kitambaa, wakaining'iniza. Mama Aloo akavuka maji ya kiunoni ameweka viatu kichwani, anawafokea wasiilaze, wasiipige na jiwe, wao wameizaa? Nilishangaa nani anaitetea.

Vituo vya mafuta njiani vyote vilikuwa vikavu, malori hayapiti. Tulifika Lamadi tangi linanusa mwisho. Tukalala kwa ndugu zake, wavuvi wa pale, na asubuhi wakati nakaza nati na kupima upepo wa tairi, nikamwona anapanda kutoka ufukweni na dumu la petroli mkononi, uso umechangamka. Nikashukuru kwa magoti yote mawili, nikamimina. Sikunusa. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikumbuka methali asubuhi ile?

Tulipoipita Bunda nikaona kwenye kioo moshi wa buluu umeifunika barabara nyuma yetu, watu wanakohoa. Mara injini ikaanza kukwama, ikakohoa, ikazima. Jua limeshapanda na Shirati bado mbali.

Nikakumbuka ulivyonifundisha: uliza umeme kwanza, kisha hewa, kisha mafuta, usifungue vyote kwa pamoja kama nyani. Nikatoa plagi. Nyeusi tii, imelowa, inateleza. Nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaiegemeza kwenye injini, Mama Aloo akatandaza kitenge kufanya kivuli, nikapiga kiki. Cheche ikaruka, safi. Nikarudisha, ikawaka, tukaenda mwendo mfupi, ikazima tena. Nikafungua chujio la hewa, liko safi, halina maji wala tope. Plagi tena nyeusi. Nikadhani pistoni imeisha, ndiyo maana injini inachoma oili. Na pistoni, Mjomba, haitengenezwi kando ya barabara.

Mama Aloo alikuwa amesimama juu yangu. Akasema kwa uchungu, "Sasa inaumwa nini? Mimi mwenyewe niliwaambia waongeze oili, wasifanye ubahili."

Nikauliza, "Oili gani, Mama?"

"Ya kwenye petroli! Wewe umewahi kuona injini inakunywa petroli tupu?"

Jamani! Nilitaka kupiga yowe likafika kwako Newala. Nikalegeza bomba, nikachukua matone nikayasugua kwa vidole. Yamejaa oili, yanateleza kama samli. Yalikuwa ya injini ya mtumbwi, na kwa upendo wake yakazidishwa oili mara dufu! Miaka yote ya ndoa yake alikuwa akimchanganyia mumewe petroli na oili kabla hajaenda kuvua. Kwake yeye petroli bila oili ni ya kumharibia mtu chombo. Na hii ndiyo ilikuwa zawadi yake ya kwanza kwa pikipiki yangu.

Nilimeza mate, nikamweleza kwa adabu kwamba pikipiki hii oili yake inakaa chini ya injini, mahali pake, haiinywi pamoja na petroli. Alisikiliza. Akakaa kwenye majani, mikono kichwani, akasema yeye mwenyewe amejifungia njia ya kwenda kumzika ndugu yake. Mjomba, yule mwanamke aliyenitisha mwezi mzima alikuwa analia kama mtoto, nikasahau ukwe, nikamshika mkono. Nikamwambia, "Mama, haijafa. Imevimbiwa tu. Tutaitapisha."

Akafuta kamasi. Nyuma kidogo tulikuwa tumepita pikapu moja ya kanisa iliyozama kwenye tope hadi milangoni. Akanyanyuka na dumu lake, akaondoka na ile suruali fupi katikati ya barabara, bila kujali nani anatazama. Sijui aliwaambia nini wale watu. Mimi nilimwaga tangi lote, nikafungua kikombe cha chini ya kabureta nikakipangusa kwa ncha ya kanga, nikapuliza tundu za mafuta kwa mdomo, nikafunga plagi mpya ya akiba niliyokuwa nimeihifadhi kwenye plastiki chini ya kiti. Akarudi anahema, akanisogezea mdomo wa dumu puani.

"Nusa kwanza," akasema.

Nikanusa. Petroli tupu. Kiki ya kwanza kimya, ya pili ikapiga chafya, ya tatu ikatoa wingu moja la mwisho la moshi kisha ikatulia ikaimba. Nilipiga vigelegele peke yangu porini, haki ya Mungu! Mama Aloo akapanda bila kuambiwa.

Kutoka hapo sikumbuki vizuri, ila daraja la Kirumi, tope jekundu, na mikono yake imenibana kiunoni. Tuliposogea nilisikia kwaya. Watu walikuwa wameshalizunguka kaburi. Nilitaka kukata nyuma ya nyumba ili avue suruali, afunge kitenge, aingie kama mama wa heshima. Akanipiga begani. Pita katikati!

Nikapita katikati. Umati wa wakwe zangu wote, wazee kwa wachungaji, ukageuka ukatuona, matope hadi kwenye nyusi, yeye miguu huku na huku. Kwaya ikakatika. Alishuka kabla sijasimama vizuri, akaanza kulia kwa ile sauti yake, watu wakampisha. Jeneza lilikuwa bado juu. Aliweka mkono juu yake, akamsemesha mdogo wake kwa Kijaluo muda mrefu, na walipoliteremsha yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Mimi nilibaki nimeshika usukani, nalia, na huyo marehemu sikuwahi kumwona.

Jioni mzee mmoja wa upande wa Opiyo aliuliza kwa sauti ya kunisikilizisha yule mwenye suruali ni wa nani. Mama Aloo akajibu kwa lugha yao, na mzee akainamia fimbo yake. Baadaye nilitafsiriwa. Alisema ni binti yake, na kama kuna mwenye binti mwingine aliyeweza kumfikisha, amtoe hapo wamwone.

Jumapili niliondoka peke yangu, yeye akibaki matangani. Alinisindikiza hadi barabarani, mguu kwa mguu. Akanirudishia suruali, ameifua na kuikunja. Nikawasha. Akaweka kiganja juu ya tangi, akakiacha pale, akaniambia polepole, "Paskazia. Ukifika, usiiuze."

Nililia hadi Utegi, Mjomba, na helmeti imefungwa nisiweze hata kufuta machozi.

Chenge nimemfukuza na kamba yake. Opiyo alirudi kutoka Dodoma akakuta mambo yameisha bila yeye, sasa anacheka hovyo hovyo. Wazee wao wanakuja wiki ya pili baada ya Pasaka, na mama anasema hapokei ng'ombe hata mmoja kabla mjomba wa binti hajakaa kitini. Kwa hiyo funga mizigo, hata kwa mgongo huo huo.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa shikamoo, wadogo wapate baraka. Mama anakusalimu mno, na mdogo wangu Winnie anauliza kama korosho bado zipo. Mungu akulinde barabarani na nyumbani, akuondolee maumivu, atukutanishe wazima.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye daima,

Paskazia Maige,
mwenye pikipiki yake.