Neno Ulilomwachia Mama

Ko, ko, ko. Viatu vyako vya mbao vilisikika barazani kabla hatujakuona, na kila aliyelala akajifanya alikuwa macho zamani. Mwaka umetimia, Baba Gopeshwar Adhikari, tangu baraza hilo linyamaze, nasi hatujazoea.

Uliwapokea wote: mfinyanzi, mjane, mlevi wa ng'ambo ya mto Jalangi. Uliwapa ufagio kwanza, mafundisho baadaye. Mzee Haradhan alifagia ua huu mpaka ndevu zikawa nyeupe, ndipo ukamnong'oneza sikioni lile neno la siri, ulilonong'onezwa na mwalimu wako, naye na wake.

"Mwanafunzi ni sikio," ulisema. "Mdomo atapewa akishasikia." Ulikuwa ukinitazama mimi, mwanao Tarapada.

Mimi ulinifundisha nyimbo na kushika zeze. Neno hukunipa, kwa kuwa kwetu baba hamnong'onezi mwanawe. Ulisema Haradhan atanipa. Haradhan akakufuata kabla mvua hazijakwisha. Amebaki Mama Hemlata peke yake, uliyemnong'oneza mlipooana.

Naye anakohoa damu, Baba. Juzi nilimwomba, dada yangu Malati akiwapo.

"Mimi ni mpishi wa wanafunzi wa baba yako," akasema. "Nani aliwahi kunigusa miguu akitaka mafundisho?"

"Mimi hapa, Mama. Nakugusa."

"Unagusa kama mtu anayewahi treni."

Malati akacheka huku machozi yanamtoka. "Msomee moja ya yale mashairi yako mabaya, kaka. Atapona kwa hasira."

Mama akajikokota kurudi jikoni kwake. Akifa na neno hilo, wote waliolipokezana hadi likakufikia wewe watakuwa wamelitunza bure. Nimekuita kando ya mto hadi sauti imekauka. Mtokee hata ndotoni, Baba. Mwambie anaweza kuninong'oneza. Wewe alikuwa akikusikiliza.

Tunaokukumbuka ni mkeo Hemlata, binti yako Malati na mumewe Nilratan, mjukuu wako Kusum, ambaye bado anakuwekea wali wako, nami. Hutatutoka moyoni maisha yetu yote.

Leo asubuhi nimechota maji, nimefagia, kisha nikakaa chini mlangoni mwa jiko la Mama. Nimemwambia kwa sauti, majirani wakisikia: "Mama, nitafagia hapa hadi utakaponiona nafaa kuambiwa. Na usiponiambia, bado nitafagia."