Turubai la Amuri Juu ya Sakafu ya Mama

Kasongo, 21 Januari 2024

Mpendwa mdogo wangu Iliasi,

Assalam alaykum. Kifua chako kimepona? Wifi Chimène na watoto wanaendeleaje na baridi ya huko Kanada? Tulimwambia mama kwamba theluji inawafika magotini, akasema tunamdanganya, hakuna mtu mwenye akili angekaa mahali kama hapo. Sisi ni wazima, alhamdulillah. Goti la mama linamsumbua mvua ikikaribia, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama umewahi kuona mpunga unaovunika wenyewe.

Barua hii nitampa Hervé, anayeanza safari ya kuja huko kesho. Sikutaka kuyasema haya kwa simu, kwa sababu simu ya nyumbani huchajiwa kwa Amuri, na mimi sijui masikio ya Amuri yanafika wapi.

Vile vibao na mipira yenye matundu ulivyotutumia vilifika. Latifa wangu na wenzake walichora mistari ya chokaa kwenye sakafu ya simenti ambayo mama huanikia mpunga, wakapata viwanja viwili bega kwa bega. Mchezo wenyewe, kama tenisi ndogo ya vibao, wanauita pikoboli. Wanacheza wakitoka shule, na wasichana ndio wakali zaidi. Ila jua, ndugu yangu! Simenti inaunguza nyayo, na mpira ukipanda juu hakuna anayeuona. Latifa ulimpiga jichoni akashinda na kitambaa cha maji usoni. Kwa hiyo uliposema viwanja vifunikwe, nilifurahi kweli.

Furaha iliisha niliposikia kwamba kazi ya kuchagua kitambaa umempa Amuri. Najua ni mtoto wa baba mkubwa, najua mama alimlea pamoja nasi. Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Mtu huyu kila mwezi yuko Salamabila kwenye machimbo na biashara zake, hajawahi kushika kibao hata siku moja, ghafla anajua viwanja vinataka nini?

Akaleta turubai, yaani lile bashi zito wanalofunikia mashimo ya dhahabu. Akasema litafungwa juu ya nguzo za chuma, nguzo zizikwe kwenye zege, lisitoke tena. Nikamwuliza upepo utapita wapi. Nikamwuliza maji ya mvua yakituama katikati yataenda wapi, kama si vichwani mwa watoto. Nikamwuliza mama ataanika wapi mpunga wake, maana kivuli cha kudumu ni kizuri kwa mchezaji na ni kifo kwa mpunga. Akanijibu mimi dada yake mkubwa, "Yaya, weye unauliza sana." Mtu anayekwepa swali ana jibu asilotaka ulisikie.

Jirani yetu Émérance akaniongezea moto. Alimsikia Amuri sokoni akisema kwamba pale kwetu patakuwa mahali pa harusi na vikao. Unaona? Sakafu ile mama aliijenga kwa mavuno yake, baba akiwa tayari marehemu. Ndiyo inayomfanya asiombe chumvi kwa mtu, hata kwetu sisi wanawe. Leo inagawanywa kama urithi na yeye yuko hai, anakula na kunywa.

Nikuambie jambo lingine, na usikasirike. Hata wewe nilikushuku. Mtu hajakanyaga nyumbani tangu baba azikwe, leo ana haraka ya paa kuliko sisi tunaopigwa na jua. Nilijiuliza kama wazungu wa klabu yako ya pikoboli huko wanataka picha tu.

Sasa sikiliza yaliyotokea wiki hii. Amuri alirudi Salamabila akaacha turubai, akisema tulifunge kwa majaribio. Mama naye alikuwa ameenda Wamaza kumwona mdogo wake. Alhamisi asubuhi nikawaza, heri nilifunge kwa miti na kamba, nilione kasoro zake zote, nikuandikie kwa ushahidi. Vijana wakasaidia. Nikawasha moto uani niwapikie chai.

Iliasi, umekaa ugenini, labda umesahau dalili za matanga, nami niliye hapa nilizisahauje? Turubai uani, moto unawaka, vijana wanapanga viti, na mama mwenye nyumba haonekani tangu juzi! Wa kwanza kuingia walikuwa wanawake wa mtaa wa pili, vitenge vimefungwa kiunoni, wakaketi chini na kuanza kulia. Nikalia nao kidogo nikidhani wamefiwa. Kisha Hippolyte wa parokia akaleta mabenchi. Kisha msikitini wakatuma mtu kuuliza nani anaosha maiti.

Nikapiga kelele kwamba mama ni mzima, yuko Wamaza. Wakanitazama kwa huruma. Mmoja akasema, "Basi umupigie simu tumusikie." Nikapiga, haikupita, Wamaza mtandao ni wa kubahatisha. Hapo huruma ikageuka. Nikawasikia wakinong'ona kwamba Faridah anaficha kifo cha mama yake, kuna jambo. Mimi, Iliasi, ninayemchunguza kila mtu, nikawa ndiye ninayechunguzwa. Mvua ikanyesha, na watu wote wakajibanza chini ya turubai, kwa hiyo hata kulishusha haikuwezekana. Maji yakatuama katikati kama nilivyosema, yakamshukia Hippolyte. Hilo peke yake lilinipa faraja.

Kumbe habari ilishapanda pikipiki hadi Salamabila. Ijumaa mchana Amuri akaingia, tope hadi kwenye nyusi. Nikasimama karibu naye makusudi, nikatega sikio nisikie kama atatamka neno sakafu. Alisema tu, "Mumemuzika bila miye?" Akakaa kwenye maji akalia kama mtoto. Nilipomwambia mama yuko hai hakuniamini hata yeye.

Siku hiyo hiyo alasiri mama akashuka kwenye pikipiki, kuku mkononi. Kilio kikakatika. Mama akauliza, "Nani amekufa hapa?" Émérance akamjibu: "Ni weye, Mama Faridah."

Mama hakucheka. Akatazama sakafu yake iliyojaa matope na miguu ya watu, kisha akatazama juu. Akasema, "Miye niko muzima. Nani aliwaambia mufunike sakafu yangu?" Mimi nilitazama vidole vya miguu yangu.

Jana alituweka kitako. Amuri akakiri mambo ya harusi, ati alitaka kodi yake impumzishe mama na kazi ya mpunga. Huenda. Machozi yake niliyaona, lakini bado namwangalia kwa jicho moja. Mama mwenyewe ndiye aliyeamua. Anataka kile kitambaa cha kijani chenye matundu kama cha kwenye vitalu vya miche, kinachouzwa Bukavu. Upepo na mvua hupita, jua hupungua. Kishonwe pembezoni, kitiwe pete, kipite kwenye waya juu sana ili mipira isikiguse, kivutwe kama pazia. Wakati wa mavuno kinakunjwa upande mmoja na jua linamrudia mama. Nguzo zisimame nje ya simenti, bila zege. Basi chagua hicho, na ukinunua andika jina la mama, si la Amuri wala langu.

Latifa anakushukuru kwa vibao. Émérance na Hippolyte wanakusalimu, huyu wa pili na mafua. Amuri anakusalimu pia. Amesimama nyuma yangu sasa hivi, na kama anasoma, asome.

Mama naye ana salamu zake, akataka niziandike kama alivyozitamka. Lile turubai ameliosha, amelikunja, ameliweka chini ya kitanda chake, hataki mtu aliguse. Akasema, "Umuambie Iliasi hii bashi nimeipokea, ni ya matanga yangu. Kama anataka kuniona, aje mbele hatuyaifungua." Yaani uje kabla hatujaifungua.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akufungulie njia ya kurudi.

Dada yako akupendaye hata anapokushuku,

Faridah