Maji Yaliyokauka Pengoni

Mfangano,
Jumapili baada ya kanisa.

Kwako Tata, baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa moyo mwepesi, mwepesi kuliko ulivyokuwa mwezi huu mzima. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukishuka kwenda mtoni? Na ng'ombe yule mwekundu, amezaa salama? Hapa mimi ni mzima. Nilikonda kidogo, lakini usijali, nimeanza kurudi.

Kaka Mwita alinipigia na kuniambia uliyosema: kwamba hutaki kusikia mambo yangu kwenye simu inayokwaruza masikio, unataka niandike mwenyewe. Alinieleza pia habari mlizoletewa na yule jirani anayekuja Mbita kununua samaki, kwamba Bhoke amefukuzwa kazi kwa kuandika uongo. Tata, nilisimamishwa, hilo ni kweli. Uongo sikuandika. Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Unajua nilikuja huku kisiwani kama karani wa vipimo wa mradi wa maji. Kuna kikundi cha akina mama wanaotaka kulima nyanya na sukuma wiki wakati wa kiangazi, na mradi umekubali kuwachimbia bwawa. Kazi yangu ilikuwa kupima ni maji kiasi gani yanapotea hewani. Nilipewa karai mbili kubwa za bati zinazofanana, kila moja imefunikwa wavu wa waya ili mbuzi na ndege wasinywe. Moja iko bondeni, mahali palipojificha nyuma ya kilima, penye miti. Nyingine iko pengoni, pale juu kidogo ambapo vilima viwili vinaachana na kubakisha njia katikati. Kila asubuhi nilipima maji yamepungua kiasi gani, nikaandika kitabuni, nikajazia.

Tangu wiki ya kwanza karai ya pengoni ilikuwa inapoteza karibu mara mbili ya ile ya bondeni. Na pengoni ndipo walipopanga kuchimba bwawa, kwa sababu pako karibu na barabara. Nilipopeleka kitabu ofisini Homa Bay, meneja wetu, Bwana Okelo, alikisoma akaniangalia kama mtu aliyemkamata mwizi.

"Bhoke, kutoka karai hii hadi ile ni mwendo gani?"

"Kama dakika kumi kwa miguu."

"Jua ni moja. Ziwa ni moja. Mawingu ni yale yale. Halafu maji yakauke huku na huku yasikauke? Wewe unalala nyumbani unajiandikia."

Nilijaribu kumwambia habari ya upepo lakini ulimi ulikuwa mzito. Alikuwa ameshaita tingatinga, na kitabu changu kilikuwa kinamharibia mpango. Akaniambia nikae pembeni hadi apate karani mwingine. Wale waliokuwa hapo ofisini walisikia kila neno. Nadhani ndipo habari ilipopata miguu ya kufika huko nyumbani Kehancha.

Wiki tatu, Tata. Sikuwa na hamu ya kula. Kilichoniuma zaidi ya kazi ni kufikiria umekaa na wazee wenzako halafu mtu anataja jina langu. Hata hivyo niliendelea kupima kila asubuhi. Hakuna aliyenituma. Niliona nikiacha, nitakuwa kama nimekubali.

Aliyeniinua ni mwenye nyumba wangu, Mama Auma, mjane anayeanika omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Siku moja alinikuta nimeinama juu ya kitabu nalia. Nikamweleza yote. Akacheka, Tata, akacheka hadi akashika kiuno.

"Nyathina," ndivyo anavyoniita, mwanangu kwa Kijaluo, "hilo nalo ni la kulilia? Mimi nikiwa na haraka nabeba omena yangu hadi pengoni. Kufika saa saba imekauka inalia kama karatasi. Nikianika kule nyuma ya kilima, jioni bado ina maji, mara nyingine inaanza kunuka. Kila mwanamke hapa anajua hivyo."

Nikakumbuka wimbi letu la uji huko nyumbani. Si wewe uliyekuwa ukituambia tulianike kule juu kwenye mgongo wa kilima, kwa sababu chini karibu na mto linaota ukungu? Jua letu pia ni moja. Nilikuwa nimejua jambo hili tangu utotoni, nikashindwa kulisema mbele ya mtu mwenye tai.

Jumanne iliyopita Bwana Okelo akaja kwa boti na karani mpya, msichana mpole kutoka Uriri, ili nimkabidhi kitabu. Nikamwambia meneja, "Kitabu nitatoa. Naomba siku moja tu. Leo pima wewe mwenyewe."

Akasema hana muda. Mama Auma alikuwa nyuma yangu na wenzake wa kikundi. "Bosi," akamwuliza, "wewe umewahi kuanika hata soksi?" Akina mama wakaangua kicheko. Bwana Okelo akatazama boti, akawatazama wale akina mama, mwisho akavua koti.

Tulijaza maji karai zote mbili kutoka pipa moja, yeye mwenyewe akapima. Akaketi pengoni. Karani mpya akaketi bondeni. Mimi nilikaa nyumbani kwa Mama Auma, mbali na zote mbili, ili asiwepo wa kusema nimegusa.

Asubuhi palikuwa kimya kote. Kufika saa tano nchi kavu ikawa imepata joto, na upepo ukaanza kuvuma kutoka ziwani kama kawaida yake. Unapofika kwenye vilima haupiti ovyo. Unazunguka, unatafuta njia, halafu wote unajisonga pale pengoni kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mmoja. Nilimwona Bwana Okelo kwa mbali akikimbiza makaratasi yake, kisha akayakalia. Nyuma ya kilima, karani mpya alituambia baadaye, hata jani halikutikisika. Pale unyevu unaotoka kwenye maji unabaki hapo hapo juu yake, hakuna wa kuubeba. Pengoni unabebwa kila dakika, na maji yanatoa mwingine.

Saa kumi na moja akapima ya pengoni akashuka, macho mekundu kwa vumbi, midomo imekauka. Akaenda bondeni, akapima na karani mpya. Akapima tena: karai ya pengoni ilikuwa imepoteza karibu mara mbili ya ile ya bondeni. Akaomba kitabu changu, akalinganisha ukurasa baada ya ukurasa, pamoja na zile wiki tatu ambazo sikulipwa.

Hatimaye akasimama mbele ya wale akina mama wote. "Bhoke, nilikukosea mbele ya watu, kwa hiyo nakuomba msamaha mbele ya watu. Tungechimba pale, hawa akina mama wangebaki na shimo kavu."

Nilitaka kujibu kama mtu mzima. Nikaishia kusema, "Sawa," machozi yakanitoka, na Mama Auma akanivuta akanipeleka jikoni. Jioni ile nilikula ugali na omena sahani mbili, nikalala hadi jua likanikuta kitandani.

Nimerudishwa kazini, na yule msichana wa Uriri amebaki kunisaidia. Bwawa litachimbwa bondeni. Akina mama watalazimika kutembea zaidi na ndoo zao, wamenung'unika kidogo, lakini wamekubali.

Nisalimie Mama, mwambie leso aliyonipa ndiyo niliyovaa leo kanisani. Msalimie kaka Mwita na mke wake Robi, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii. Robi, soma polepole, usiruke. Msalimie nyanya Gati, na shangazi Weigesa wa kule mpakani. Na yule jirani wa samaki pia msalimie, bila ugomvi.

Ijumaa Bwana Okelo aliniletea ripoti ya vipimo. Mwisho wa ukurasa aliacha nafasi ya jina la aliyepima. Huwa naandika Bhoke tu. Safari hii niliandika majina yangu yote, pamoja na lako.

Mimi binti yako,
Bhoke Chacha Marwa