Kwa Nini Wifi Alimficha Neema Jua

Kaka Yohana,

Shikamoo. Natumaini wewe na Mama mmeamka salama huko Kitanga, na maharage yamenusurika na mvua. Mimi huku India ni mzima, miguu tu ndiyo inavimba kwa kusimama maabara kutwa.

Nimepata ujumbe wako kwamba wifi umemrudisha kwao Kumsenga kwa madai ya uchawi, na ushahidi wenu ni kwamba alikuwa akimficha mwanenu Neema jua. Nimeusoma mara tatu. Kaka, nakushuku, nasema wazi, maana haya nilishakueleza kwa simu.

Narudia. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna uzi mrefu, DNA, unaoiambia chembe izaane lini na ikome lini. Jua huunguza uzi huo kila siku. Mimi na wewe tuna mafundi mle ndani, wanakata palipoungua na kuunga upya. Neema fundi mmoja hana. Jua linamwachia madoa na vidonda, na chembe isiyojua kukoma ndiyo inayozaa saratani. Wifi hakusomea haya. Aliona mtoto analia juani, akawa anamfunika kitenge na kwenda naye shamba kabla hakujapambazuka. Nyie mkauita uchawi! Na juzi Mama ananiambia, "Siku hizi tunampaka mawese tunamkalisha nje, jua la asubuhi ni dawa." Mnamuua mtoto.

Halafu kuna hili. Nilipokuja likizo nilichukua mate ya Neema na ya wifi ili yapimwe. Ya kwako ulikataa. "Mate ya mtu hayavuki mpaka, mdogo wangu. Nani ajue yanakwenda kufanyiwa nini?" Siku ile nilicheka. Kila mtoto hupewa nakala mbili za maelekezo ya kumuunda fundi yule, ya baba na ya mama. Ikiharibika moja, ya pili inatosha. Za Neema zote mbovu, kila moja kwa kasoro yake. Wifi anayo mbovu moja tu. Uliogopa uchawi, kaka, au uliogopa jibu?

Basi nikapima mate yangu. Ninayo ile mbovu ya pili ya Neema, ambayo hakuipata kwa mama yake. Imetoka nyumbani kwetu. Kama huo ni uchawi, mimi mtanirudisha kwa nani?

Mtoe Neema juani leo hii. Msalimie Mama, baba mdogo mfuga nyuki, na shangazi wa Kagerankanda. Salamu za wifi zipeleke Kumsenga mwenyewe, umwombe radhi mbele ya wazazi wake, mrudi wote.

Mdogo wako, mwenye mashaka nawe,
Anastazia